Mpiga gitaa bora wa wakati wote ni yule anayetosha peke yake bila bendi. Mwenye kupinga aje na hoja

#1 Galatone_Katwe
Salamu wakuu.

Majarida ya muziki ya Marekani hayachoki kutoa orodha za wapiga gitaa bora duniani, na anayekaa juu ni Jimi Hendrix. Rolling Stone walimweka wa kwanza 2003, wakamrudisha palepale 2023. Hendrix simgusi, alikuwa moto. Ninachopinga ni kipimo. Wanampima mtu kwa solo tu: alivyopanda, alivyokimbia, alivyozililisha nyuzi. Nyuma yake yupo mpiga besi, yupo mpiga dramu, na spika zimepangwa kama ukuta.

Kipimo changu mimi ni hiki. Mpe mtu gitaa kavu, mkalishe kwenye kiti, kata umeme, wenzake wote watoke nje. Wimbo umebaki mzima au umebaki mifupa?

Kwa kipimo hicho namba moja ni Mwenda Jean Bosco. Mtu wa Bunkeya, Katanga. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952, akapiga "Masanga". Itafuteni rekodi ile muisikilize kwa spika za masikioni. Gumba linapiga besi, na halipigi mapigo ya kujirudia, linatembea. Kidole cha shahada kinapiga sauti ya juu, kikiingia pale gumba lilipoacha nafasi. Ukifumba macho utaapa kuna watu wawili chumbani. Vidole viwili hivyo! Na nyimbo zake nyingi aliimba kwa Kiswahili, sisi wenyewe tunazielewa bila mkalimani.

Wa pili wangu ni wa hapa kwetu Uganda, marehemu Bernard Kabanda. Nitarudi kumweleza. Leteni wenu, ila mtu aseme anapima kwa nini.

#2 Sebene_Mpondwe
Franco. Uzi ufungwe.

#3 KijanaWaNtinda
Hendrix, na sirudi nyuma. Alikuwa mkono wa kushoto, akanunua gitaa la mkono wa kulia akaligeuza juu chini, akapiga nyuzi zikiwa zimepinduka hivyohivyo. Nani mwingine duniani aliweza hilo?

#4 Sebene_Mpondwe
Haya, nimeona #1 ametaka sababu.

Mzee Galatone, kipimo chako kinamfaa mtu wa kijijini anayepiga chini ya mwembe. Gitaa la Kongo ni mazungumzo. Kuna solo, kuna mi-solo katikati, kuna ridhimu, kuna besi. Kila mmoja anaacha nafasi ili mwenzake aseme. Ukiwatoa wenzake umeua muziki wenyewe, halafu unasema mpiga solo hatoshi!

Franco Luambo Makiadi alizaliwa 1938, akaanza na gitaa alilojitengenezea utotoni. Akafunzwa na mpiga gitaa Dewayon, na alipofika miaka 15 tayari alikuwa studio. OK Jazz ilianza 1956 akiwemo, akakaa nayo mpaka alipofariki 1989. Miaka zaidi ya 30 bendi moja! Mkono wake ulikuwa mzito kwa makusudi. Alikuwa anakwanyua nyuzi mbili kwa pamoja, gumba na shahada, sauti inatoka nene kama watu wawili wanaitikia. Na sebene lake, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa yanazunguka na watu wanacheza, halikimbii. Anashika kipande kifupi, anakirudia, anakirudia tena, wewe unadhani amekwama, kumbe anakupandisha taratibu, ukija kustuka umeshasimama kwenye kiti unacheza.

Na msisahau ndiye aliyepiga solo ya "Indépendance Cha Cha" ambayo Afrika nzima iliichezea uhuru.

#5 Mkaguzi_wa_Santuri
Ndugu wa #4, hapo mwisho sivyo. "Indépendance Cha Cha" ni ya African Jazz ya Joseph Kabasele, ilipigwa Brussels mwaka 1960 wakati wa mkutano wa kujadili uhuru wa Kongo. Gitaa la solo ni la Docteur Nico Kasanda, ridhimu ni kaka yake Dechaud. Kutoka OK Jazz walioitwa kwenda Brussels ni Vicky Longomba na Brazzos. Franco alibaki Léopoldville, Kinshasa ya leo.

Na wewe #3, Hendrix aliligeuza gitaa kweli, lakini nyuzi alizifunga upya, uzi mnene ukakaa juu kama kawaida ya mpigaji yeyote. Aliyepiga nyuzi zikiwa zimepinduka kabisa ni mama mmoja Mmarekani, Elizabeth Cotten. Mkono wa kushoto, gitaa la kulia, hakubadili chochote. Kwa hiyo gumba ndilo lililokuwa likiimba juu na vidole vikapiga besi, kinyume cha watu wote.

#6 Binti_wa_Bwera
Asante Mkaguzi, maana nilikuwa nakuja na panga.

Sebene_Mpondwe, kaka yangu, sisi ni majirani, tunavuka daraja moja kwenda Kasindi siku za soko, lakini kwa Nico sikuonei haya. Franco alikuwa na nguvu. Nico alikuwa na akili ya mkono. Sikiliza anavyoingia kwenye wimbo: haanzi pale unapomtegemea, anakuja kama mtu anayemalizia sentensi yako. Kila noti imekatwa safi, hakuna inayoburuzwa. Alipotoka African Jazz, yeye na mwimbaji Tabu Ley wakaunda African Fiesta 1963, kisha 1965 wakaachana, akabaki na bendi yake, Sukisa. Kwenye Sukisa ndiko alikopiga gitaa la Hawaii, lile la kutelezesha, ukilisikia usiku unaweza kulia bila kuambiwa habari ya msiba.

Baba yangu alikuwa na santuri zake. Alikuwa anatuambia tunyamaze kwanza gitaa liishe, halafu mtu aongee.

#7 Sebene_Mpondwe
Binti wa Bwera, Nico alikuwa mwalimu, sikatai. Lakini Nico anasikilizwa umekaa. Franco hakukuachia ukae.

#8 Ridhimu_Tupu
Nyote mnagombea solo. Nani anawabeba hao ma-solo?

Chukua "Sina Makosa" ya bendi ya Les Wanyika. Ipige kwenye harusi Mbale, ipige kwenye baa Kabale, gitaa likianza tu watu wanapiga kelele kabla mwimbaji hajafungua kinywa. John Ngereza yuko kwenye solo, sawa, apewe heshima yake. Lakini toa ridhimu ya Omar Shabani pale chini uone kama kuna wimbo. Ridhimu yake haikuwa ya kukwaruza nyuzi. Ilikuwa na tuni yake, inazunguka, inarudi, haichoki, na ukijaribu kuipiga utaipata dakika ya kwanza, dakika ya tano mkono umekufa ganzi na mwendo umekutoka.

Mwingine ni Lokassa ya Mbongo. Soukous zile za Paris, muziki wa dansi wa Wakongo, watu wanakumbuka Diblo Dibala na Dally Kimoko, lakini sakafu waliyokuwa wanacheza juu yake iliwekwa na Lokassa. Dechaud naye kaishia kuitwa "kaka yake Nico" miaka yote. Haki iko wapi?

#9 Diblo_Fan_256
Umemtaja Diblo kwa haraka hivyo? Huyo ndiye aliyekuwa nyuma ya mwimbaji Kanda Bongo Man, akaitwa Machine Gun, kisha akawa na bendi ya Loketo. Mtoto wa Kisangani. Sisi tuliokulia miaka ya 90 Kampala hatukumjua Hendrix, tulijua kwasa kwasa. Kanda aliondoa ile sehemu ya polepole ya mwanzo, wimbo ukawa unaingia sebene moja kwa moja, na mzigo wote ukamwangukia Diblo.

#10 Mwanamke_wa_Mizani
Kasi si ubora.

#11 Diblo_Fan_256
Dada, kasi bila makosa ni ubora. Jaribu.

#12 Afande_Mstaafu
Vijana hamjambo.

Nimesoma mpaka hapa simwoni Mbaraka Mwinshehe, nikashangaa sana. Wanajeshi wa Tanzania walipoingia nchini 1979, Kampala ikaanguka Aprili, walikuja na bunduki na walikuja na nyimbo. Nilikuwa kijana, kambi yao ilikuwa jirani na kwetu. Kuna mmoja alikuwa na redio kaseti imefungwa kwa mpira wa baiskeli maana kifuniko cha betri kilipotea. Jioni wanaosha masufuria, Mbaraka analia mle ndani. Kiswahili changu kikubwa nilikipata pale, kwa Mbaraka na kwa wale wakubwa zangu.

Wakati huo alikuwa ndiyo kwanza amefariki, Januari mwaka uleule, ajali ya gari huko Mombasa. Askari wale walikuwa wanamwombolezea huku wanapigana vita.

Kipimo changu ni hiki: aimbe yeye, solo apige yeye, wimbo atunge yeye. Bendi zake ni Morogoro Jazz, halafu Super Volcano kuanzia 1973. Sikiliza gitaa lake linavyomjibu kila akimaliza mstari. Anauliza kwa mdomo, anajibu kwa nyuzi. Franco aliweza hilo, ndiyo. Nico alikuwa haimbi namna hiyo. Hendrix aliweza. Basi mezani ni watatu.

#13 Ridhimu_Tupu
Afande, shikamoo. Hapo umepiga penyewe. Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi 12 tumpe kiti gani?

#14 Afande_Mstaafu
Marahaba. Kasheba akae karibu na mlango, watu waingiapo wamsikie kwanza. Nyuzi 12 hazihitaji kipaza sauti.

#15 NyuziSita_Makerere
Naomba nichangie kama mwanafunzi wa gitaa.

Nilianza masomo kwenye shule moja ya muziki hapa mjini, jina naliacha. Siku za mwanzo mwalimu alinikuta napiga kwa gumba na shahada kama nilivyojifunza kwa mjomba. Akasema huo ni upigaji wa baa, nitumie vidole vyote kwa mpangilio wa kitabu au nishike piki, kile kipande kigumu cha kukwanyulia nyuzi. Niliondoka na hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyonifanya nisome zaidi.

Nilichokuta ni hiki. Wes Montgomery wa Indianapolis, ambaye wapenzi wa jazi wengi wanamweka juu kabisa, alipiga kwa gumba tupu, hakushika piki. Oktava zile laini, noti moja ikipigwa ya chini na ya juu kwa pamoja, zinazosifiwa mpaka leo zilitoka kwenye nyama ya gumba. Django Reinhardt aliungua moto 1928 kwenye gari lao la kuishi, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikakakamaa. Solo zake akazipiga kwa viwili vilivyobaki, na hakuna aliyemfikia kwenye jazi ya Ulaya. Mark Knopfler hapigi kwa piki, ni vidole. Merle Travis wa Kentucky alikuwa na gumba na shahada, basi. Chet Atkins akamsikia Travis redioni akajaribu kuiga, akaongeza vidole.

Kwa hiyo Mwenda Jean Bosco hakuwa mtu wa kijijini asiyejua "njia sahihi". Alikuwa kwenye meza moja na hao. Naunga mkono #1.

Lakini mzee Galatone, kwa kipimo chako hichohicho cha mtu mmoja kwenye kiti, lazima umkabili Andrés Segovia, yule wa gitaa la klasiki. Kabla yake, gitaa halikuhesabiwa kuwa chombo cha kumbi kubwa za Ulaya. Alikaa peke yake jukwaani, bila umeme, watu maelfu wakanyamaza. Na Paco de Lucía je? Yule Mhispania aliufungua flamenko kwa jazi na kwa muziki wa Amerika Kusini, hadi lile sanduku la kupigwa la Peru, kahoni, likaingia kwenye flamenko kwa mkono wake.

#16 Mama_Soroti
Nawasalimu nyote.

Mwanangu wa Makerere umemtaja Chet Atkins nikafurahi. Hapa Uganda tunapenda muziki wa kantri kuliko tunavyokubali. Jumapili asubuhi, baada ya ibada, redio ngapi zinapiga Jim Reeves? Chet Atkins ndiye aliyekuwa mtayarishaji wake kule Nashville, yeye na RCA. Zile sauti laini tulizokua nazo, ni sikio la mpiga gitaa lililozipanga.

Nataka pia kuuliza: uzi mzima huu, wanawake wako wapi? Ametajwa Elizabeth Cotten kama mfano wa mkono wa kushoto, mkapita. Sister Rosetta Tharpe alizaliwa Arkansas 1915, akaimba injili na gitaa la umeme kanisani na kwenye kumbi, na wapigaji wa rock waliokuja baadaye walimsikiliza yeye. Ipo picha ya video ya mwaka 1964, kituo cha treni Manchester, siku ya mvua, mama amevaa koti zuri, anashika gitaa na kupiga solo ambayo KijanaWaNtinda angesema ni ya Hendrix. Mimi naimba kwaya, nimewaonyesha wasichana wetu video hiyo. Wawili wameomba kufundishwa gitaa badala ya kupewa kayamba. Kipimo changu ni hicho: ni nani alifungua mlango.

Na kwa upande wetu wa mashariki, Geoffrey Oryema, aliyezaliwa Soroti. Gitaa lake halikuwa la mbwembwe, lilikuwa la mtu aliyefukuzwa kwao.

#17 KijanaWaNtinda
Mama, nimeitazama hiyo ya Manchester sasa hivi. Kweli kabisa. Ila bado Hendrix. Wote mliowataja wanapiga gitaa. Hendrix alipiga na umeme wenyewe: ule mvumo wa spika unaorudi kwenye gitaa, ambao mafundi walikuwa wanaukimbia, yeye aliushika akautengenezea muziki. Woodstock 1969, wimbo wa taifa la Marekani, unasikia mabomu ya Vietnam ndani yake. Alikuwa na miaka 26. Mwaka uliofuata hayupo tena. Kata umeme kama anavyotaka #1, umemkata mtu chombo chake. Ni sawa na kumwambia Mwenda apige bila gumba.

#18 Galatone_Katwe
#17 umejenga hoja, nimeipokea. Sikubali, ila nimeipokea.

Niliahidi Kabanda. Kadongo kamu wengi tunaijua kwa maneno: Ssebadduka, Dan Mugula, Basudde, Kafeero. Mtu anasimulia kisa kirefu, gitaa linamsindikiza. Ukimwuliza mtu anayependa kadongo kamu gitaa lilipigwaje, atakusimulia kisa cha wimbo. Kabanda aligeuza hiyo. Alikuwa anapiga nyuzi, na mkono uleule unashuka kupiga ubao wa gitaa, unapata ngoma. Akiongeza sauti za mdomo, basi kafunda nzima, baa ndogo ya mtaani, inadhani kuna kikundi. Kampuni ya Real World ya Uingereza walitoa albamu yake "Olugendo" 1999, na mwaka huohuo akafariki. Ndipo dunia ilipoanza kumsikia.

Segovia nampa heshima. Lakini Segovia alipiga kilichoandikwa. Kabanda na Mwenda waliandika kwa vidole.

#19 NyuziSita_Makerere
Hapo unamwonea Segovia, mzee. Kazi nyingi za wengine alizipanga upya yeye ili ziweze kupigika kwenye gitaa. Hiyo nayo ni kuandika.

#20 Arua_Moja
Nimesoma kimya, sasa niulize swali ambalo naona mnalizunguka. Kwa nini huku kwetu na Kongo ni gumba na shahada? Nani aliwafundisha?

Sisi West Nile tuna jibu letu. Mtu wa adungu, kinubi chetu, anapiga kwa mikono miwili, wa chini anashika besi, wa juu anaimba. Likembe pia, ambayo Waacholi wanaiita lukeme: magumba mawili juu ya vyuma, kila gumba na kazi yake. Mtoto aliyekulia hapo akipewa gitaa hatapiga kama Mzungu, atatafuta likembe yake ndani ya nyuzi. Sebene ni likembe iliyopewa nyuzi. Sikiliza linavyozunguka.

#21 Mkaguzi_wa_Santuri
Arua_Moja, naheshimu, lakini santuri zinasema vingine. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilileta Afrika santuri za mfululizo wa GV, na nyingi zilikuwa muziki wa Kuba. Son ya Kuba ina tres, gitaa dogo linalozungusha vipande vifupi juu ya wimbo, na ina sehemu ya mwisho ambapo wimbo unaacha kusimulia na kuanza kuzunguka. Hiyo ndiyo sebene. Walichokifanya Wakongo ni kuhamisha ya tres, na mara nyingine ya piano, kwenye gitaa. Ndiyo maana African Jazz wanaimba cha cha, mdundo wa Kuba.

#22 Arua_Moja
Na Kuba waliitoa wapi? Si kwetu hukuhuku? Mzigo umerudi nyumbani.

#23 Sebene_Mpondwe
Mnasahau mabaharia na makarani wa pwani ya Afrika Magharibi waliokuja kufanya kazi Matadi na Léopoldville na magitaa yao. Wazee wa Kongo wanawataja. Gumba na shahada lilikuwa la kwao, Ghana na Sierra Leone wanapiga hivyo mpaka leo.

#24 Ridhimu_Tupu
Na Katanga? Mwenda hakuwa Léopoldville. Migodi ya shaba ilikusanya watu kutoka kila upande, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, na chumba cha mfanyakazi kina nafasi ya mtu mmoja na gitaa moja. Ndiyo maana kule ilikuwa gitaa kavu la mtu mmoja na Léopoldville ikawa bendi. Makazi yalichagua mtindo.

#25 Mwanamke_wa_Mizani
Kila mmoja ana babu yake kwenye gitaa hili.

#26 Afande_Mstaafu
Mimi nitasema nilichokiona kwa macho. Magitaa ya kwanza niliyoyashika yalikuwa ya kujitengenezea, sanduku la bati au mbao, na nyuzi tulizipata kwenye waya wa breki ya baiskeli. Unaufungua msokoto, ndani kuna nyaya nyembamba, unazichambua moja moja kwa uangalifu maana zinachoma vidole. Nyuzi hizo ni ngumu, ukipiga na kitu kigumu zinapiga kelele mbaya. Gumba na shahada tu ndizo zinaelewana nazo. Kwa kapo, yaani kibanio cha kupandisha sauti ya nyuzi, tulifunga penseli kwa mpira juu ya shingo ya gitaa. Sijui Kuba, sijui Matadi. Nyuzi zenyewe zilitufundisha.

#27 NyuziSita_Makerere
Mjomba wangu bado anatumia penseli. Ninayo kapo ya dukani nimempa, ameiweka kabatini.

#28 Binti_wa_Bwera
Afande, maelezo yako yanaeleza kwa nini wanatumia vidole. Hayaelezi kwa nini Nico anasikika kama Nico. Wote walianza na magitaa ya bati, akatoka Nico mmoja.

#29 Mzee_BB
Mnaniruhusu na mimi? Nimechelewa kuuona uzi.

Septemba 1974, Kinshasa, tamasha la Zaire 74 lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na Foreman. Pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba, tamasha likaendelea. Jukwaa lilelile walipanda B.B. King na Franco na TP OK Jazz. Hapo ndipo ningependa mtu afanye ulinganisho wake, maana walikuwa mji mmoja, siku zilezile.

B.B. King hakupiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, alisema hivyo mwenyewe kwa watu wengi. Hakupiga huku akiimba. Anaimba, ananyamaza, kisha Lucille, gitaa lake, anasema noti tatu au nne, moja anaitetemesha kwa mkono wa kushoto mpaka inakuwa sauti ya mtu. Franco angejaza nafasi hiyo kwa noti arobaini, na zote zingekuwa na maana. Kwa kipimo cha Galatone, B.B. King anafeli kabisa, peke yake na gitaa kavu hana wimbo. Lakini noti moja yake inatambulika kabla ya ya pili haijaja. Kipimo kinachomfelisha B.B. King kina tatizo.

#30 Galatone_Katwe
Mzee BB, basi tuite vipimo viwili. Kuna anayetambulika kwa noti moja, na kuna anayetosha peke yake. Ali Farka Touré wa Niafunké alikuwa na vyote viwili. Gitaa peke yake, wimbo mzima, na noti ya kwanza unajua ni Mali. Huyu mnaweza kumkataa?

#31 Mzee_BB
Ali Farka simkatai. Nilimsikia kwanza kwenye ile albamu ya 1994 na Mmarekani Ry Cooder, na kwa masikio yangu Cooder ndiye aliyekuwa anamfuata yeye.

#32 Diblo_Fan_256
Na Ernest Ranglin wa Jamaika? Ska yote ile, muziki uliotangulia reggae, ile mikato ya gitaa kati ya mapigo, wengi wanaiita "reggae" tu bila kujua nani alikuwa studio.

#33 Mama_Soroti
Mmerudi kwa wanaume watupu tena.

#34 KijanaWaNtinda
Mama, swali kwa yeyote kabla hatujaendelea. Sebene_Mpondwe alitaja mi-solo kule #4. Mimi nasikia magitaa mawili tu, solo na ridhimu. Hilo la katikati linasikika wapi? Nina gitaa la umeme nyumbani nataka kujaribu.

#35 Sebene_Mpondwe
Weka spika za masikioni, chukua wimbo wa bendi kubwa ya Kongo wa miaka ya 70 au 80, subiri sebene lianze. Ridhimu iko chini, solo iko juu. Katikati kuna gitaa linalong'aa kama kengele, linarudia kipande kifupi bila kupumzika. Ndilo hilo.

Na sauti hiyo haitoki kwenye gitaa la kawaida. Ondoa uzi wa nne, weka mahali pake uzi mwembamba kama ule wa kwanza, kisha ulegeze sauti moja kamili chini ya kawaida yake. Unapata noti ileile ya uzi wa nne, lakini oktava moja juu. Zile nyingine usiziguse. Sasa piga kodi yoyote unayoijua kwa kuchambua nyuzi moja moja, utasikia kitu kimefunguka katikati.

#36 KijanaWaNtinda
Nina uzi mmoja wa akiba. Nafunga sasa.

#37 Ridhimu_Tupu
Ukimaliza, jifunze ridhimu ya "Sina Makosa" kwanza. Dakika tano bila kusimama. Halafu uje hapa uniambie nani bora.